Muulize Bi Mweka Hazina: Mfadhili kaondoka, tufunge nyumba ya sanaa?

Ukurasa huu hujibu maswali ya vikundi na vilabu kuhusu pesa, mikataba na ugomvi unaoletwa na hivyo viwili. Anayejibu alishika daftari la klabu ya taarabu Unguja mpaka macho yalipoanza kumsumbua. Barua hufupishwa, na majina hatuyatoi.

SWALI

Shikamoo Bi. Mimi ni katibu wa kituo cha sanaa hapa Ngamiani, Tanga. Tuko kwenye nyumba ya zamani ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba sita, ua mkubwa nyuma. Jumamosi watoto wa mtaani huja kuchora. Kuna kikundi cha maigizo, kuna vijana wa ngoma wanaocheza mdumange, na kuna mzee mmoja anayefundisha udi na fidla, ambaye ujanani alipiga na vikundi vya taarabu vya hapa.

Kwa miaka mitano shirika moja la nje lilitulipia pango na mshahara wa mratibu. Machi wakatuandikia kwamba mpango wao umebadilika, fedha mwisho Juni. Sasa tunadaiwa miezi mitatu, na pango ni 450,000 kwa mwezi. Nyumba ni ya warithi. Mmoja wao yuko Dar, kila Ijumaa anapiga simu kusema kuna mnunuzi, na kama tunataka kubaki tulipe miezi sita kwa mkupuo, tena kwa 600,000. Mratibu ameacha kazi. Tumepeleka maandiko ya mradi manne, hakuna aliyejibu.

Kikaoni wazee walisema tufunge kwa heshima kabla hatujatolewa vyombo nje. Vijana wanataka ukumbi ukodishwe kwa kitchen party, waletwe madijei na spika kubwa, pesa iingie. Mzee wa udi kasema siku spika zikiingia yeye anatoka na udi wake. Bi, tufunge au tusifunge? Na kama hatufungi, tuanzie wapi?

Katibu, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma nikairudia, na kuna namba moja niliyoitafuta nisiione: nyumba hiyo ikikaa mwezi mzima mlango wazi, bila onyesho, bila warsha, bila mgeni wa kupiga naye picha, inakula shilingi ngapi? Deni umenitajia, maandiko umenitajia, hata siku ya simu za mrithi umenitajia. Hiyo hukunitajia, na nadhani hata kikaoni haikutajwa. Ingetajwa mngebishania hiyo badala ya spika.

Basi nikukisie. Pango 450,000. LUKU, kama feni hazilali na taa ya ua mnaisahau, 40,000. Maji 20,000. Mlinzi wa usiku mnayechangia na jirani, 120,000. Jumla 630,000. Mie naiita hela ya paa. Mshahara wa mratibu haumo, soda za kikao hazimo, fulana zenye nembo hazimo. Mfadhili aliwazoesha kutia vyote kwenye mfuko mmoja, ndiyo maana alipoondoka mkaona kila kitu kimeondoka. Tenganisheni leo. Kwenye kauntabuku, ukurasa wa kushoto hela ya paa, ukurasa wa kulia hela ya kazi: rangi, mavazi, nauli za onyesho, nyuzi. Shilingi ya kulia isivuke kwenda kushoto, wala ya kushoto kwenda kulia, hata mwenyekiti akija na sababu nzuri. Hasa akija na sababu nzuri.

Hela ya paa itoke kwa watu ambao nyumba ikifungwa watakosa kitu chao. Mfadhili nyumba ikifungwa hakosi kitu; anaandika ripoti, anahamia mradi mwingine. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini mtoto wa Jumamosi atakosa, mzee wa udi atakosa, na yule mama wa jirani anayeuza barafu za ubuyu mlangoni kwenu atakosa kuliko wote. Huyo mmewahi kumwita kikaoni?

Huku kwetu Unguja klabu ya taarabu ya Ikhwani Safaa ipo tangu 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Hapo katikati umepita ukoloni, yamepita mapinduzi, zimepita kanda za kaseti, imekuja taarabu ya vinanda vya umeme, zimekuja simu. Vikundi vyenye waimbaji wazuri Unguja tumevizika vingi, kwa hiyo usiniambie ni uzuri wa muziki peke yake. Ni klabu za wanachama. Mtu ana chake mle ndani.

Katika klabu niliyoihudumia mimi, kila mwanachama alikuwa na kadi yenye visanduku kumi na viwili, na akilipa nagonga muhuri. Mwenye visanduku vitatu vitupu hakuzuiwa kuingia, maana ukimfukuza mtu umefukuza na muziki wake. Ila siku ya shughuli alikaa kwenye kiti nyuma, hashiki ala. Nimemwona mpiga fidla tuliyemtegemea anatoka nje kwa hasira watu wameshaanza kukaa, kisha anarudi na noti zimekunjwa kiganjani, kamkopa muuza kahawa wa barazani. Nikagonga muhuri, akapanda jukwaani, na usiku ule alipiga vibaya kwa makusudi, lakini alipiga. Na tuzo? Akina mama wakija mbele kumtuza mwimbaji, noti zilikwenda kwenye beseni la klabu. Nusu yake, nusu ya klabu, zinahesabiwa palepale mbele ya watu wawili, usingizi au hakuna usingizi. Kwa beseni hilo tulinunua nyuzi za ganuni, ambazo upepo wa bahari huzichakaza upesi, na tukampelekea fundi akodiani iliyotafunwa mvukuto na panya.

Wewe uko Tanga, mwanangu, na huna haja ya kuja Unguja kujifunza hili. Mji wenu ndio uliotoa vikundi vya taarabu vya Young Novelty, Black Star na Lucky Star. Shakila aliimba Black Star na sauti yake ikafika kila penye redio. Mkalishe huyo mzee wa udi mchana mmoja, mpe kahawa, umuulize maswali ya fedha tu: mlifanyia mazoezi kwa nani, ala zilikuwa za nani, nani alilipa taa, mwimbaji akipata harusi peke yake klabu ilipata nini? Andika majibu. Mnamchukulia kama mwalimu wa udi, kumbe kichwani ana mpango wa biashara ambao hayo maandiko yenu manne hayana.

Sasa tuhesabu, na hizi ni namba za kuanzia, mtazirekebisha wenyewe. Wanachama watu wazima mlio nao, wa maigizo, wa ngoma na wazazi wanaojali, tuseme 35, kila mmoja 5,000 kwa mwezi: 175,000. Watoto wa Jumamosi msiwatoze hata senti. Chumba cha mbele kinachoangalia barabara kifanyeni fremu, mpangisheni fundi cherehani au mwenye duka la vifaa vya shule: 80,000. Ukumbi asubuhi za siku za kazi umelala. Mpeni mwalimu wa tuisheni: 100,000. Vikao vya harusi, wale wajumbe wanaokaa jioni kuhesabu michango, hawahitaji muziki, wanahitaji viti, taa na choo kisafi: 15,000 kila kikao, vikao vinane kwa mwezi, 120,000. Jumla 475,000. Mmebakiza 155,000.

Hiyo iliyobaki itafuteni kwa watoto wa Ngamiani waliotawanyika. Tanga ina watu Maskati, ina watu Dubai, ina watu London, na kila mmoja wao akiandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa anaandika kwamba amekumbuka nyumbani. Usimwombe milioni. Akikupa milioni mara moja ataona amemaliza. Mwombe 10,000 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Watu kumi na sita wanatosha. Kila tarehe 5 mpelekee picha ya ukurasa wa kushoto wa kauntabuku, hivyohivyo ulivyo, na mwandiko wako na makosa yaliyokatwa kalamu. Nimegundua watu wa mbali huamini mwandiko kuliko jedwali la kompyuta.

Kuhusu warithi, hapa nisikilize vizuri kwa sababu ndipo pesa inapopotea. Mrithi mmoja kwenye simu si mwenye nyumba. Kama marehemu aliacha warithi kadhaa, mwenye mamlaka ya kupangisha au kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ana hati ya kuthibitisha. Iombeni hiyo hati kwa adabu, kwa barua. Isipokuwepo, msitoe miezi sita kwa mtu yeyote, maana ndugu wengine wakija kudai mtalipa mara mbili. Huenda huyo wa Dar anapiga simu bila ndugu zake kujua. Huenda mnunuzi yupo kweli. Hilo hutalijua mpaka uonane na msimamizi mwenyewe, na ukionana naye usiende mikono mitupu: nenda na mwezi mmoja wa deni kwenye bahasha, risiti iandikwe hapohapo, na ratiba ya kulipa miezi miwili iliyobaki. Mwombe mkataba wa miaka miwili, pango 500,000, na kifungu kwamba nyumba ikiuzwa mnapewa notisi ya miezi isiyopungua mitatu. Akikubali 500,000, mmeongezewa 50,000 ya kutafuta. Wale kumi na sita wawe ishirini na moja. Kifungu cha kupangisha fremu kiandikwe pia, msije mkaambiwa mmegeuka madalali wa nyumba ya watu.

Mkataba ulipiwe ushuru wa stempu, la sivyo siku mkifika mahakamani haupokelewi kama ushahidi. Na kwa kuwa ninyi ni taasisi, mnapolipa pango mnatakiwa kukata asilimia 10 ya kodi ya zuio na kuipeleka TRA, mkamkabidhi mwenye nyumba cheti chake. Vikundi vingi vinaliruka hili. Kisha mkaguzi anakuja, deni linawageukia ninyi.

Wa rika langu tunaikumbuka Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, Barabara ya Ohio. Ilianzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt wa Maryknoll, ikapata jengo lake miaka ya themanini, na wachoraji na wachongaji walifanya kazi mle na kuuza mlemle. George Lilanga aliyepitia hapo, kazi zake leo zinaning'inia Ulaya na Japani. Jengo halipo. Kiwanja kilikuwa katikati ya jiji, penye hoteli kubwa, na kiwanja cha namna hiyo kila mwaka kinapanda bei iwe mnachora vizuri au vibaya. Ngamiani si Barabara ya Ohio, lakini bei za viwanja vya Tanga unazisikia mwenyewe. Karatasi ya nyumba ishughulikieni kabla ya karatasi ya mfadhili.

Tuje kwenye spika. Vijana hawajakosea kutaka pesa na mzee hajakosea kuogopa. Ila mizani haiko sawa: spika mnaweza kuzikodi siku yoyote, mwalimu wa udi Tanga nzima mtampata wapi? Akiondoka mtabaki na ukumbi wa harusi wenye michoro ukutani. Kwa hiyo mzee ndiye achague siku zake kwanza, ziandikwe ubaoni, na hizo hazikodishwi hata bibi harusi akilia. Zilizobaki vijana wafanye kitchen party uani, Jumamosi jioni baada ya watoto kuondoka, mwisho saa nne usiku, kibali kikiwa mkononi na jirani wa ukutani akiwa amearifiwa na mtu mzima, si kwa ujumbe wa simu. Malipo yote kabla ya siku, na amana ya 50,000 inayorudishwa asubuhi baada ya kukagua choo. Nasisitiza choo. Nyumba nyingi za sanaa nilizoingia zina michoro ya kupendeza na choo cha kumfanya mtu asirudi.

Vijana wakitaka kununua spika zao na viti, Halmashauri ina mikopo ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Haina riba. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Waende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, wasajili kikundi chao wao wenyewe, tofauti na kituo, ili wakishindwa kulipa asije mtu kubeba fidla. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa nao unakopesha. Mkopo ununue kitu kinachozaa: viti 100 vya plastiki, turubai, spika. Ukikopa kulipa pango, mwezi ujao una pango na una mkopo.

Hayo maandiko manne yasikusikitishe. Nimesoma maandiko mengi ya aina hiyo na nakisia ukurasa wa kwanza umesema kituo kiko hatarini kufungwa. Anayetoa ruzuku akisoma hivyo anaona pesa yake inakwenda mazishini. La tano liandike baada ya miezi mitatu ya kadi na mihuri, uambatanishe hesabu, na uombe kitu kidogo cha ukurasa wa kulia: nyuzi, rangi, nauli ya kuwapeleka vijana wa mdumange Bagamoyo wakaione sanaa inavyofundishwa TaSUBa, chuo cha sanaa. Mratibu msimwajiri tena kwa sasa. Watu watatu wagawane funguo na siku, wapewe nauli.

Sasa swali lako lenyewe, mfunge au msifunge. Wekeni tarehe. Miezi mitatu kuanzia siku mtakayogonga muhuri wa kwanza. Kama hela ya paa imefika nusu au zaidi kutoka mifuko ya wenyewe, endeleeni. Isipofika, rudisheni funguo kwa barua nzuri, lipeni deni kidogo kidogo, ala zihifadhiwe kwa mwanachama mwenye chumba kikavu kisicho na panya, na darasa la udi lihamie barazani kwa mzee. Hapo mtakuwa mmefunga nyumba, kituo hamjakifunga. Sauti za Busara, tamasha kubwa namna ile, 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Waandaaji walitangaza mapema, wakalipumzisha mwaka mmoja, na Februari 2017 ngoma zikalia tena Ngome Kongwe.

Wala msinyamaze. Chuo cha muziki cha DCMA hapa Mji Mkongwe, kilichoanzishwa 2002, fedha za wafadhili zilipokauka 2019 kilisema hadharani kwamba kinaweza kufungwa, wakati milango bado iko wazi na watoto wanapiga. Kingesubiri kufuli ndipo kilie, nani angesikia? Watu wa Ngamiani wengi hawajui mmeachwa na mfadhili. Wanadhani mzungu bado analipa. Waambieni Ijumaa baada ya swala, waambieni kanisani Jumapili, waambieni sokoni. Na mwiteni yule mama wa ubuyu.

SWALI

Habari yako Mama. Sisi ni wachoraji tisa, tumekodi godauni dogo Industrial Area, Nairobi, tunalitumia kama studio na mara moja moja tunafungua kwa umma. Kodi imepanda. Tunafikiria harambee ya mtandaoni kwa Paybill, lakini wengine wanaona ni aibu kuomba. Kuna shida nyingine ndogo: watatu kati yetu hawajalipa sehemu yao tangu Januari, na mmoja wao ndiye aliyeanzisha studio.

Mchoraji, Nairobi

JIBU

Salama, mwanangu. Hiyo uliyoiita shida ndogo ndiyo shida. Ikiwa theluthi ya watu hawalipi, harambee itawafikisha mwezi wa tatu na mtaanza tena mlipoanzia, safari hii mkiwa mmeshawachosha marafiki.

Harambee si aibu, ila inafaa kwa kitu chenye mwisho: kuziba paa, kulipa amana, kununua taa za maonyesho. Mchangiaji aone bati lake. Kodi ya kila mwezi haina mwisho, na mtu hachangii shimo. Mkifanya, namba iwe ya kikundi kilichosajiliwa, wenye saini watatu, na asiwe miongoni mwao yeyote anayedaiwa. Pesa isiingie kwenye simu ya mtu mmoja hata akiwa malaika, kwa sababu malaika naye simu huibiwa kwenye matatu.

Wadaiwa watatu wasifukuzwe wala wasisamehewe. Kila mmoja aachie nusu ya nafasi yake apewe mchoraji mwingine anayelipa, mpaka deni liishe. Godauni halitanuki, lakini turubai zinaweza kusogezwa. Asikubali mtu kulipa kwa picha: picha hailipi kodi mpaka inunuliwe, na ikinunuliwa mwenyewe atalipa. Mwanzilishi naye afanyiwe hivyohivyo, tena aanze yeye. Najua ni mkubwa wenu na mnamheshimu. Mtumieni mmoja anayeongea naye vizuri, amfuate nyumbani, wasiongee mbele ya wenzake.

Mji wenu una somo la karibu. Kuona Trust, taasisi ya sanaa, ilianza 1995 kwenye Makumbusho ya Taifa, ikahamia GoDown, kile kituo kilichofunguliwa 2003 kwenye magodauni ya eneo lenu hilohilo, kisha ikahamia Hurlingham. Taasisi ile ilipoyumba, wasanii waliokuwa na studio zao mle hawakutawanyika. Walishika wenyewe usukani kama Kuona Artists Collective. Nendeni mkawaulize wanagawanaje kodi, nani anakusanya, na mtu asipolipa wanafanya nini. Mwulize anayekusanya, si anayeongea na waandishi wa habari.

Na hizo siku za kufungua kwa umma zisiwe mara moja moja. Chagueni Jumamosi moja kila mwezi, ileile, mvua ije isije. Mnunuzi wa Nairobi ana mambo mengi. Akijua ni Jumamosi ya mwisho, atawakumbuka hata bila tangazo.

SWALI

Bi, kikundi chetu cha maigizo Morogoro tuliachiwa jenereta kubwa na mradi uliokwisha. Imeharibika, inakula nusu ya stoo ya mavazi, na fundi anataka pesa nyingi kuliko tulizo nazo. Mwenyekiti anasema tusiiuze, ni kumbukumbu. Unasemaje?

Mwigizaji, Morogoro

JIBU

Mwenyekiti akitaka kumbukumbu apige picha.

Ila kabla hamjaita mnunuzi, tafuteni ule mkataba wa ruzuku. Mingi ina kifungu kinachosema vifaa ni vya nani mradi ukiisha, na kama vinauzwa kwa ruhusa ya nani. Kikisema ni vyenu, sawa. Kikisema mpaka mfadhili akubali, mwandikieni barua pepe fupi yenye picha ya jenereta na bei ya fundi. Mara nyingi hujibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ichapisheni muihifadhi. Kisha kikao kikae, muhtasari uandikwe, bei ya chini ikubaliwe, na mnunuzi asiwe shemeji wa mjumbe yeyote. Leteni mafundi wawili tofauti waikadirie: injini inaweza kuwa imekufa, lakini nyaya za shaba mle ndani zina bei yake kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na asiyejua hilo huuza kwa bei ya bati.

Pesa ikiingia iandikwe ukurasa wa kulia. Nunueni rafu za chuma, mavazi yapande juu, sakafu ibaki kavu. Mvua za masika zikianza kushuka kutoka Uluguru, stoo za Morogoro nazijua.